Nikikupa Hizi, Utanipa Ngapi?

Haya ya kuchenji pesa niliwaambia wanachama wenzangu wa chama chetu cha wafanyabiashara Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa mtaani hapa Nairobi, kabla ya safari za Oktoba za kununua mali nje. Nimeyaandika kwa sababu waliokosa kikao wameniandama tangu siku hiyo.

Mwenyekiti, mama mhazini, wazee wetu, akina mama wenzangu na vijana, hamjambo?

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameiweka simu yake mezani ihesabu dakika, kwa hiyo salamu zimetosha. Wengi wenu mnanijua kwa viatu. Kabla ya viatu nilikaa miaka tisa nyuma ya kioo, katika duka la kuchenji pesa katikati ya jiji. Kioo kinene, tundu dogo chini la kupitishia noti, na mashine ya kuhesabu iliyokuwa ikilia trrr, trrr kutwa nzima mpaka nikawa naisikia usingizini. Nikaacha, nikaanza kusafiri kununua mali: Kampala, Dubai, Istanbul, Guangzhou. Basi leo mnazungumza na mtu aliyekula pande zote mbili. Nimewakata watu, halafu nami nikakatwa.

Pale kazini tulikuwa na kibao mlangoni: HAKUNA KOMISHENI. Mteja akifika dirishani anauliza, "Dada, mnakata komisheni ngapi?" Najibu kwa fahari, "Hatukati hata senti." Anafurahi, anatoa pesa, tunamhudumia, anaenda zake. Na nilikuwa nasema kweli! Hatukuwa tunakata komisheni. Lakini hebu jiulizeni: kodi ya duka la katikati ya jiji ililipwa na nani? Mshahara wangu, wa mlinzi, wa yule kijana wa kubeba pesa kwenda benki? Tajiri wetu hakuwa mtu wa sadaka.

Ililipwa na bei mbili za ubaoni. Bei ya kununua na bei ya kuuza. Ukileta dola nazichukua kwa 128, ukitaka dola nakuuzia kwa 131. Ile shilingi tatu iliyokaa katikati ndiyo chakula cha duka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba ni cha mwenye dirisha.

Kwa hiyo swali la komisheni mlifute kichwani. Mahali pake wekeni hili, na mliulize kila mahali, dukani, benki, hata kwenye simu: "Nikikupa hizi, utanipa ngapi mkononi?" Shilingi laki moja hii hapa, naondoka na dola ngapi? Mmoja atasema 758, wa jirani yake atasema 768. Hapo umeshamaliza kazi. Huna haja ya kujua nani anaita makato yake ada, nani anayaita huduma, nani ameyaficha kwenye bei. Kumi hizo ni zako.

Sasa utajuaje kwamba hata huyo wa 768 hajakuonea? Lazima uwe na kipimo kisichokuwa cha muuzaji. Benki Kuu ya Kenya hutangaza kila siku ya kazi bei ya wastani ya dola na ya fedha nyingine kubwa. Ipo kwenye tovuti yao, bure. Hiyo si bei utakayouziwa, msiende kugombana na msichana wa dirishani mkimwambia Benki Kuu imesema. Ni ya kupimia. Tuseme Benki Kuu imeandika 129.20 na dirisha linakuuzia kwa 131.80. Tofauti ni shilingi mbili na senti sitini, yaani asilimia mbili. Kwa dola za taslimu asilimia moja nailipa bila kinyongo. Mbili, naangalia dirisha la jirani. Ikifika nne, huwa ni uwanja wa ndege.

Uwanja wa ndege nitausema haraka. Pale unanunua ukiwa umechelewa, una mzigo, huna jirani wa kulinganisha naye, na yeye anajua. Kama huna budi, chenji ya kukufikisha hotelini tu.

Na hii "shilingi moja tu" mnayoipuuza, tuitazame. Mfanyabiashara wa humu anayebeba dola elfu tano, shilingi moja kwa kila dola ni elfu tano. Shilingi tatu ni elfu kumi na tano. Nimemwona mtu akibishana na mwenye bodaboda juu ya hamsini, halafu akaingia dirishani kwangu na kuacha elfu kumi na tano bila hata kuinua macho kuangalia ubao.

Wazee hapa mbele wanacheka kwa sababu wao wanakumbuka enzi ambazo kubishania bei kama hii kungekuwa starehe. Fedha za kigeni zilikuwa za kuombewa kibali, unaandika unaenda wapi, kufanya nini, na unagawiwa. Maduka ya kuchenji yaliruhusiwa mwaka 1995, na ile sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ikafutwa mwaka huohuo. Vijana hawajui kwamba uhuru wa kuzunguka madirisha matano kabla ya chakula cha mchana una umri mdogo kuliko baadhi ya nguo zangu. Utumieni. Zungukeni.

Noti zenyewe nazo zina mambo. Dola mia moja si sawa na dola mia moja. Mnajua kuna zenye picha ya kichwa kidogo, zile za kabla ya 1996, halafu zenye kichwa kikubwa, halafu hizi zenye utepe wa buluu zilizotoka Oktoba 2013. Ukienda kuuza, nchi nyingi za huku kwetu watakuchekea wakiona kichwa kidogo: ama wanakataa, ama wanapunguza bei. Tulikuwa tukifanya hivyo sisi wenyewe. Na noti ndogondogo, za ishirini na za kumi, zina bei ya chini kuliko za mia. Noti iliyoandikwa kwa kalamu, iliyopigwa muhuri, yenye tundu la pini ya stepla, yenye kona iliyoraruka, inakataliwa. Kwa hiyo unaponunua dola hapa Nairobi, usipokee chochote unachoweza kukataliwa nacho Kampala. Simama palepale dirishani, geuza noti mojamoja, ukiona yenye maandishi mrudishie. Foleni nyuma yako itanung'unika. Waache. Mimi nilikuwa nikiweka noti zenye kasoro katikati ya kibunda, kati ya nzuri mbili. Mungu anisamehe, lakini ndivyo tulivyofundishwa.

Na dai risiti. Duka lenye leseni linatoa risiti bila kuombwa mara mbili. Yule wa pembeni mwa barabara mwenye bei tamu kupita wote hana risiti, na siku ukikuta noti tatu bandia ndani ya kibunda hutamwona tena.

Twende kwenye kadi, maana hapo ndipo nilipoumia.

Mwaka jana nilikuwa Deira, Dubai, duka la viatu vya watoto. Sampuli tu, dirhamu 1,840. Nikatoa kadi yangu ya shilingi. Kijana akaingiza, mashine ikafikiri, halafu kioo kikaonyesha mistari miwili: AED 1,840 na chini yake KES 68,900. Mimi macho yangu yakaenda kwenye KES kama mtu aliyesikia Kiswahili ugenini. Pesa yangu! Naielewa! Kijana akasema, "Kenya, Kenya, very good," akabonyeza yeye mwenyewe, karatasi ikatoka, nikasaini, nikashukuru.

Usiku hotelini nikapiga hesabu. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja ni dirhamu 3.6725, haisogei. Dirhamu 1,840 ni dola 501. Kwa bei ya wastani ya siku ile, kama 129.20, hiyo ni shilingi 64,700 na kitu. Mimi nimelipa 68,900. Mashine ile imenichenjia pesa palepale kaunta, kwa bei yake, na faida wamegawana mwenye duka na mwenye mashine. Niliporudi Nairobi nikafungua taarifa ya akaunti: benki yangu nayo ilikuwa imekata asilimia tatu yake, kwa sababu duka liko nje ya nchi, hata kama malipo yamekuja kwa shilingi. Jumla karibu 71,000. Kama ningechagua dirhamu, ningelipa bei ya mtandao wa kadi, yaani Visa na wenzake, na ile asilimia tatu, basi, kama 66,700. Zaidi ya shilingi elfu nne zilipotea kwa sababu nilifurahi kuona herufi za nyumbani. Na mimi ndiye niliyekaa miaka tisa nyuma ya kioo!

Basi ishikeni hii: mashine ya ugenini ikikuuliza ulipe kwa shilingi za Kenya au kwa pesa ya pale, chagua pesa ya pale. Dubai, dirhamu. Paris, yuro. London, pauni. Bonyeza mwenyewe, usimwachie muuzaji. Kama ameshabonyeza na hujasaini, mwambie afute arudie. Wana haki ya kununa, huna haja ya kununa nao. Ulaya wamewabana kidogo: tangu Aprili 2020 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mwenye kadi ya huko aonyeshwe wameongeza asilimia ngapi juu ya bei ya Benki Kuu ya Ulaya kabla hajakubali. Nawe ukiuona mstari kama huo, usome. Mara nyingi unatosha kukurudisha akili.

Mashine za kutolea pesa zina ujanja huohuo, ila wao wameuvisha hofu. Unaingiza kadi, namba ya siri, unaandika kiasi, halafu kinatokea kioo kimejaa maneno ya Kiingereza: tunakuhakikishia kiwango hiki, unakubali ubadilishaji au unakataa? Mtu anaona neno la kukataa, anawaza, nikikataa pesa hazitatoka, kadi itamezwa, niko peke yangu usiku Istanbul. Anakubali. Ndugu zangu, ukikataa unakataa ubadilishaji wao tu. Pesa zinatoka vilevile, na benki yako ndiyo itakayochenji. Dada mmoja aliye humu ndani alinipigia simu kutoka pale mbele ya mashine, nikamwambia kataa, akanyamaza, halafu nikasikia noti zinahesabiwa. Akasema, "Wee!" Hilo tu.

Lakini kutoa pesa kwa kadi kuna tabaka. Mwenye mashine ana ada yake. Thailand kwa mfano mashine zimekuwa zikiwatoza wenye kadi za nje baht 220 au zaidi kila zinapotoa. Benki yako ina ada ya kutoa pesa nje. Juu yake kuna asilimia ya kuchenji, na serikali nayo inakata ushuru wake juu ya ada za benki. Zile ada mbili za kwanza kwa kawaida hazijali umetoa kiasi gani. Ukitoa kidogokidogo mara tano umezilipa mara tano. Toa mara moja, kingi, ukiweke mahali salama. Na kadi ya mkopo msiitumie kutolea taslimu kabisa, riba yake huanza siku ileile, haingojei mwisho wa mwezi kama ununuzi.

Hoteli je? Ukifika mapokezi wanaomba kadi "kwa usalama". Wanafungia kiasi fulani, na kwenye kadi inayochota moja kwa moja kutoka akaunti yako, hiyo ni pesa yako halisi imefungwa, siku kadhaa hata baada ya kuondoka. Mwenzetu mmoja alifungiwa pesa za mzigo wake hivyo, akakaa siku nne anakula mkate. Kwa hoteli mpe kadi ambayo haina pesa za mali.

Nimeona mkono pale nyuma unauliza kuhusu akaunti ya dola. Ndiyo, benki nyingi zetu zinafungua akaunti ya dola yenye kadi yake. Faida yake ni kwamba unachagua wewe siku ya kununua dola, na ukilipa kitu cha dola hakuna kuchenji tena. Mwenye kadi ya shilingi mara nyingi anachenjiwa mara mbili bila kujua: analipa yuani, zinageuzwa dola, dola zinageuzwa shilingi. Pesa kila inapobadilika sura kuna mtu anamega. Hesabu mara ngapi imebadilika, utajua mara ngapi umemegwa. Lakini akaunti ya dola ina ada zake za kila mwezi, na kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka huenda isilipe. Ulizeni kwanza.

Kwa wanaokwenda Dubai na wanaokwenda Hija au Umra: riyali ya Saudia nayo imefungwa kwa dola, 3.75, tangu 1986. Sasa fikirini. Pesa iliyofungwa kwa dola haina siri, ukifika nayo dola mia pale Deira unajua kamili ni dirhamu 367 na robo. Anayekupa 365 amemega kidogo, anayekupa 350 ni mwizi aliyevaa tai. Hapa Nairobi dirhamu hainunuliwi sana kama dola, kwa hiyo pengo lake huwa pana. Tuseme una laki moja. Dirisha linakuuzia dirhamu kwa 36.60, unapata 2,732. Ungenunua dola kwa 130.10 ungepata 768, ukazichenji Deira kwa 3.65, una dirhamu 2,800 na kitu. Hapo kubadilisha mara mbili kumeshinda mara moja! Najua nimetoka kusema kinyume dakika mbili zilizopita. Ndiyo maana nawaambia msikariri, ulizeni lile swali: mwisho wa safari mkononi kuna ngapi? Na mtaani Isili, hapahapa Nairobi, ambako dirhamu zinazunguka kama njugu, huenda ukapata bei nzuri ya moja kwa moja. Pita uulize kabla hujashuka mjini.

Uganda ni tofauti kabisa. Usinunue dola kwenda Kampala! Kila mwaka naona mtu anafanya hivyo. Shilingi yetu inachenjika moja kwa moja kule, kwa nini uigeuze Mmarekani halafu umgeuze Mganda? Ila pale mpakani Busia, wale vijana wanaokimbilia basi wakiwa na vibunda mkononi, kama ni lazima, chenji cha nauli na chakula. Wana namna ya kukunja noti katikati ili ihesabiwe mara mbili, na vidole vyao vina kasi kuliko mashine yangu ya zamani. Hesabu wewe, mwisho, na baada ya kuhesabu usimrudishie "aongeze moja iliyopungua". Hapo ndipo kibunda kinapopungua. Unaweza pia kutuma kutoka M-Pesa hadi laini ya mtu wa Uganda au Tanzania. Kabla ya kuweka namba ya siri simu inakuonyesha atapokea ngapi. Swali letu limejibiwa pale pale, soma tu. Na wanaokwenda Tanzania wajue tangu mwaka 2025 kanuni zao zinakataza bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo kibunda cha dola hakitawasaidia dukani.

Uturuki, neno moja: lira inashuka sana. Usinunue nyingi mapema. Chenji kwa siku mbili mbili.

Na Guangzhou, maana najua nusu ya ukumbi inaelekea kwenye maonyesho ya biashara ya msimu wa vuli. Maonyesho yale yapo tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, na Wachina wamezoea wageni, lakini mitaani taslimu imekuwa kitu cha zamani, kama redio ya mkulima. Mama wa supu ana karatasi ukutani yenye msimbo wa kusomwa na simu yako ili ulipe, basi. Wekeni Alipay au WeChat, programu zao za kulipia, kwenye simu mkiwa hapa Nairobi, unganisheni kadi, jaribuni. Alipay haikati ada kwa kadi ya kigeni malipo yakiwa chini ya yuani 200. Yakipita inakata asilimia 3. Na benki yako ya hapa bado ina lake juu. Kwa supu na teksi ni sawa kabisa. Kwa mali ya yuani elfu ishirini ni ujinga. Hizo msizipitishe kwenye simu. Taslimu ya dola ichenjiwe benki, nenda na pasipoti, pangia nusu siku maana watajaza fomu, na risiti itunze kama cheti cha ndoa. Yuani zikibaki, risiti hiyo ndiyo inayokuruhusu kuzirudisha dola.

Kuhusu kukisia bei. Januari 2024 dola ilipita 160. Mnakumbuka ile homa? Watu walinunua kwa woga, wakisema itafika 200. Serikali ikapata pesa za kulipa Yurobondi, lile deni la nje la dola lililokuwa likiogopwa, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa 130 na kitu. Aliyenunua elfu kumi kwa 160 alipoteza zaidi ya laki mbili na nusu ndani ya miezi miwili, na hakuna dirisha lililomwibia. Mimi sasa nagawa mara tatu: theluthi mwezi mmoja kabla, theluthi wiki mbili kabla, theluthi wiki ya safari. Sipati bei bora kamwe. Mbaya kabisa pia sipati.

Jambo la mwisho, na hili nalileta kama pendekezo, mama mhazini andika. Kila mmoja wetu anakwenda peke yake dirishani na dola elfu moja au mbili, anapewa bei ya ubaoni. Benki zina watu wa ndani wanaouza dola kwa jumla, na bei ya jumla inajadiliwa, ubaoni haipo. Chama chetu kina akaunti. Tukiweka pamoja mahitaji ya watu kumi na tano, tukampigia simu benki mbili tatu asubuhi moja na kuwauliza bei ya kiasi chote, nina hakika watashusha. Watataka karatasi: pesa zimetoka wapi, zinaenda kununua nini. Tuzipeleke, tuna ankara. Na kila mtu abebe zake akijua kwamba ukitoka au kuingia nchini na dola elfu kumi au zaidi, unajaza fomu ya forodha. Fomu haikati hata senti. Kuzigawa kwa shemeji na mpwa ili kuikwepa ni kujitafutia mashaka makubwa kwa faida ndogo.

Mwenyekiti ananionyesha simu. Nimemaliza. Maswali?

[Yalikuwa mengi, nitaandika moja. Mzee mmoja wa safu ya mbele alisimama, akasema ana dola 1,400 za kichwa kidogo, zimefungwa kwenye nailoni tangu marehemu kaka yake arudi nazo, na mjini wamezikataa mara tatu. Je, azichome?]

Usizichome, mzee wangu! Marekani haijawahi kufuta noti zake. Hata za karne ya kumi na tisa ni pesa halali kule hadi leo. Ni sisi huku tunaoziogopa. Si una mjukuu Texas anayekuja Desemba? Mpe arudi nazo, azipeleke benki kwake, atapewa thamani kamili. Ila zihesabuni pamoja kabla hajapanda ndege, mzitoe kwenye nailoni, mzikaushe.

Mzee akakaa, kisha akasimama tena. Alisema shida ni moja tu: mahali zilipo anapajua mke wake peke yake, na yeye mzee hajawahi kuambiwa.